Fika

Kila siku saa tisa alasiri Mzee alikuwa akigonga meza mara mbili kwa kidole na kusema, "Fika."

Siku ya kwanza niliposikia nilishtuka. Nilikuwa na wiki mbili tu katika kazi ya kuhudumia wazee majumbani hapa Chicago, na sikutegemea kusikia Kiswahili kutoka kwa mzungu wa miaka 87. Nikamwambia kwamba kwetu neno hilo ni kumaliza safari. Akacheka mpaka akakohoa. Kwao, akanieleza, fika ni kuacha unachofanya, kukaa na mwenzako, mkanywa kahawa na kitu kitamu cha kutafuna. Ni neno lililozaliwa mtaani: watu walichukua neno la zamani la kahawa, kaffi, wakazigeuza silabi zake, ya nyuma ikawa mbele.

"Basi ni kitu kilekile," akasema. "Ukishakunywa kahawa, umefika."

Nilimpenda tangu siku hiyo. Na kwa sababu nilimpenda, nilimdanganya. Nimekuwa nikijiuliza tangu wakati huo kama sababu ile inatosha.

Nianze na mtaa wenyewe. Mzee alikuwa akiishi Andersonville, kaskazini mwa Chicago, hatua chache kutoka Clark Street. Waswidi walianza kumiminika Marekani katikati ya karne ya 19, na njaa ya miaka ya 1867 hadi 1869 ikawasukuma zaidi. Kufikia miaka ya 1920, zaidi ya milioni 1 walikuwa wameshaondoka kwao. Chicago ikawapokea wengi sana. Moto mkubwa wa mwaka 1871 ulipoteketeza sehemu kubwa ya jiji, wakuu wake wakapiga marufuku kujenga nyumba za mbao mjini. Mtu asiyekuwa na uwezo wa nyumba ya matofali akasogea kaskazini, nje ya mipaka, na Waswidi wengi wakasogea hivyo. Ikafika wakati watu wakasema kwamba ukiiondoa Stockholm, hakuna mji wenye Waswidi wengi kama Chicago.

Wazazi wa Mzee walitoka Småland, kusini mwa Sweden. Yeye mwenyewe alizaliwa hapahapa. Sweden alikwenda mara moja tu katika maisha yake, akakaa wiki tatu, na watu wa huko wakamwambia anaongea kama bibi zao. Kwa hiyo aliposema "kwetu" hakuwa anaizungumzia nchi iliyo ng'ambo ya bahari. Alikuwa anazungumzia vipande vinne vya Clark Street kama vilivyokuwa alipokuwa kijana: duka la samaki, duka la jibini, duka la mikate, na baa ya Simon's iliyofunguliwa mwaka 1934, ambayo baba yake aliingia kila Ijumaa na kutoka akiimba.

Desemba 2018 alinipa orodha ya Krismasi. Mkono ulikuwa unamtetemeka, lakini herufi zilisomeka. Sill, samaki wadogo waliolowekwa kwenye siki na sukari. Jamu ya lingon, tunda dogo jekundu lenye uchachu unaoweza kukukumbusha ukwaju. Iliki. Chupa ya glögg, divai ya viungo inayopashwa moto wakati wa baridi. Na mwisho, akiwa ameupigia mstari chini, limpa: mkate mweusi wa nafaka ya rai, wenye molasi, shamari na maganda ya chungwa.

"Limpa uuchukue Swedish Bakery," akasema. "Usiniletee wa pengine."

Nikaingia mtaani. Nilidhani kazi itakuwa rahisi, maana mtaa wenyewe unajitangaza kwa bendera za buluu na njano na una jumba la makumbusho la Waswidi wa Marekani, lililozinduliwa mwaka 1976 mbele ya Mfalme Carl XVI Gustaf. Lakini ukiwa na orodha mkononi ndipo unapogundua tofauti ya mtaa unaokumbuka na mtaa unaopika. Duka la Erickson's, ambalo Mzee alinisimulia kwamba ukiingia unanukia samaki mpaka jioni, lilikuwa limefungwa mwaka 2015. Duka la makumbusho lilikuwa na vikombe vizuri na farasi wa mbao waliopakwa rangi nyekundu. Farasi wa mbao haliwi.

Samaki na jamu nilivipata IKEA, kule Schaumburg, nje ya jiji. Nilipanda treni, nikapanda basi, nikatembea kando ya barabara isiyo na njia ya miguu, nikapita vitanda na makabati mia, na baada ya sehemu ya kulipia nikakuta friji za chakula. Chakula ambacho mama yake Mzee alikinunua kwa watu aliowajua kwa majina, mimi nilikinunua kwenye duka la samani, kimepangwa pembeni kama vile mtu amekisahau.

Kitu pekee cha Kiswidi ambacho sikuhitaji kukitafuta kilikuwa Malört. Ni pombe ya pakanga, mmea uleule ambao Biblia yetu inautumia kama kipimo cha uchungu. Mhamiaji Mswidi, Carl Jeppson, alikuwa akiiuza Chicago zama za marufuku ya pombe, kwa madai kwamba ni dawa. Leo iko karibu kila baa ya jiji, na vijana hupeana kwa mzaha ili wapigane picha wakikunja sura. Nilionja tone moja nikamkumbuka shangazi yangu na maji yake ya mwarobaini. Nikawaza, ajabu ya urithi ni hii: mkate unapotea, uchungu unabaki.

Iliki niliipata Devon Avenue, kwenye maduka ya Wahindi na Wapakistani, si mbali na hapo. Hii nayo inahitaji maelezo. Waswidi wanapenda iliki kupita kiasi. Wanaitwanga, wanaitia kwenye maandazi yao yaliyosokotwa kama ukili. Hakuna anayenieleza vizuri jinsi kiungo cha nchi za joto kilivyojikita kwenye nchi ya theluji, lakini kimejikita. Nilipofungua mfuko ule pale dukani, sikuwa Devon tena. Nilikuwa juu Amani, Usambara Mashariki, kwenye shamba la Bibi, chini ya miti mikubwa, nikiwa na miaka minane na kikapu kisichojaa.

Bibi alikuwa amefariki mwezi Mei mwaka huohuo. Nitarudi hapo.

Limpa ndio ulionishinda. Swedish Bakery ilikuwa imefungwa mwaka 2017, baada ya zaidi ya miaka 80. Mzee hakujua. Nyonga zilimweka ndani tangu kabla ya hapo, na binti yake, anayeishi jimbo jingine, hakumwambia. Nilipompigia simu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Tafadhali usimwambie. Krismasi hii tu."

Kwa hiyo usiku ule nilioka. Nilitafuta mapishi, nikanunua unga wa rai na molasi, nikaoka jikoni kwa shangazi mara mbili, wa kwanza ukawa jiwe, wa pili ukakubali. Nikauweka kwenye mfuko mweupe wa karatasi, nikampelekea.

Alikata kipande, akapaka siagi, akatafuna macho yamefumba. "Ndio wenyewe," akasema.

Kisha akaniuliza, "Foleni bado ni ndefu wakati wa Krismasi?"

"Ndefu, Mzee."

"Na kina mama wa kaunta, hawajambo?"

"Hawajambo," nikasema.

Neno lile lilipotoka mdomoni nililitambua. Nilikuwa nimelisikia mahali.

Mwezi Mei nilikuwa kwenye mitihani ya uuguzi. Kila Jumapili nilikuwa nikipiga simu nyumbani Muheza, na Jumapili mbili mfululizo nikauliza, "Bibi hajambo?" Mama akajibu, "Hajambo, amelala." Siku niliyomaliza mtihani wa mwisho, mjomba akanipigia. Bibi alikuwa na siku 12 kaburini. Tanga lilikuwa limeshaanuliwa, watu wametawanyika, masufuria ya kuazima yamerudishwa kwa wenyewe. "Tulikuonea huruma, mwanangu," Mama akasema. "Ungefanyaje mtihani?"

Najua wasomaji wengi walioko mbali na nyumbani wanaifahamu simu hiyo. Ni desturi kabisa, na inafanywa na watu wanaotupenda. Nilifaulu mitihani yangu. Kwa hesabu ya matokeo, Mama alikuwa sahihi. Lakini kwa miezi nilishindwa kumsamehe, na nilikuwa sijui hasa ni kosa gani ninalomdai. Sikujua mpaka nilipojisikia nikisema "hawajambo" kuhusu watu wa kaunta isiyokuwapo.

Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, aliandika mwaka 1797 kwamba kudanganya ni kosa hata kama muuaji amesimama mlangoni kwako akimuulizia rafiki uliyemficha. Tuliposoma hoja hiyo darasani, katika somo la maadili ya uuguzi, darasa zima lilimkataa. Mimi pia namkataa. Nikimficha mtu nitamdanganya muuaji bila kupepesa macho. Lakini swali la muuaji ni jepesi kwa sababu muuaji hatumpendi. Uongo mgumu ni ule tunaowapa tunaowapenda, kwa faida yao, wakiwa hawajatuomba.

Watetezi wa uongo huo wana hoja nzito, na sitaki kuidharau. Furaha ya Mzee alipotafuna ule mkate ilikuwa furaha ya kweli. Hakuna furaha bandia mdomoni. Tena kazi yetu inatukutanisha na wazee waliopoteza kumbukumbu kiasi kwamba ukimwambia mama wa miaka 90 kuwa mumewe alikufa, anafiwa upya kila asubuhi. Kwa mtu huyo, kweli inayorudiwa kila siku ni ukatili, na sina hukumu kwa anayenyamaza. Ila Mzee hakuwa hivyo. Alisahau alikoweka miwani, basi. Akili yake ilikuwa nzima. Sisi ndio tuliokaa kikao bila yeye na kuamua kwamba moyo wake si mzima.

Kuna hoja nyingine, ya kijanja zaidi, ambayo niliitumia kujifariji kwa wiki kadhaa: kwani huo mkate "halisi" ni upi? Mwaka uleule wa 2018, akaunti rasmi ya Sweden kwenye Twitter ilitangaza kwamba zile nyama za mviringo zinazojulikana dunia nzima kama za Kiswidi zinatokana na mapishi ambayo Mfalme Karl XII alirudi nayo kutoka Uturuki karne ya 18. Watu wakataharuki. Iliki nayo haioti Sweden. Zafarani ya vile vimkate vya njano wanavyokula tarehe 13 Desemba, siku ya Lucia, haitoki kwao. Chakula cha kila watu kimejaa vitu vya watu wengine. Pilau yetu Tanga ingekuwa nini bila watu waliokuja na jahazi? Kama hivyo ndivyo, mkate uliookwa na Mtanga kwenye jiko la ghorofani, kwa unga wa Marekani, una haki gani ndogo ya kuitwa limpa?

Hana haki ndogo. Ninaamini hivyo mpaka leo. Lakini hapo ndipo nilipoiona hila yangu mwenyewe. Nilikuwa ninautetea mkate, na mkate haukuwa umeshtakiwa. Hakuna aliyekosewa kwa sababu nilioka. Kuiga chakula cha mtu, kwa bidii, ni heshima. Kosa lilikuwa kwenye mfuko wa karatasi. Ningeweza kuuweka mkate uleule kwenye sahani ileile na kusema, "Nimejaribu," na kisingepungua kitu isipokuwa uongo.

Januari ikaingia, na kila Jumamosi nilikuwa na kisingizio. Barafu. Upepo. Kiti cha magurudumu kina kasoro. Mzee alitaka kwenda mwenyewe Clark Street kununua mkate wake. Kisha ikaja Jumamosi moja ya jua kali lisilo na joto, njia imekauka, visingizio vimeisha. Nikamfunga skafu, nikamvalisha kofia, tukatoka.

Tulipokaribia Clark Street nikasimamisha kiti. Nikachuchumaa mbele yake na kumwambia yote: kwamba duka limefungwa, kwamba hakuna foleni, kwamba kina mama wa kaunta sikuwahi kuwaona maishani mwangu.

"Tangu lini?"

"2017."

Akahesabu kimyakimya. "Binti yangu anajua?"

"Anajua."

"Na mkate?"

"Niliuoka mimi."

Alikaa kimya muda mrefu. Nilidhani ataniambia turudi. Akaelekeza kidole mbele. Nikamsukuma mpaka pale. Mlango haukuwa wa duka la mikate tena. Mzee akaangalia dirisha, kisha, katika baridi ile, akavua kofia, akaiweka magotini.

Hapo ndipo nilipojua ninachomdai Mama. Sikumdai habari. Habari nilizipata baadaye, zote. Nilimdai nafasi ya kuvua kofia. Mtu akifiwa, hata kama ni na duka, hata kama hawezi kubadilisha chochote, ana haki ya kuwa mfiwa. Msiba ni wa wenyewe. Asiyeambiwa amehesabiwa kuwa mgeni. Na mimi nilikuwa nimemfanya Mzee kuwa mgeni kwenye mtaa aliozaliwa, kwa huruma tupu, kama vile wenzangu walivyonifanya mimi mgeni kwenye msiba wa bibi aliyenilea.

Tunapenda kuwaambia watu walioko mbali kwamba mwacha asili ni mtumwa. Sawa. Lakini asili nayo huondoka. Duka hufungwa, bibi hufa, mtaa hubadilika mdomoni mwa watu wakati wewe uko chumbani na nyonga mbovu. Aliyeachwa na asili anahitaji nini kutoka kwetu? Nadhani kumtafutia chakula cha kwao ni jambo jema sana, na ningependa tulifanye zaidi, hata kwa treni na basi. Ila chakula hicho hakiwezi kumrudisha kwao, na anayekileta asijifanye kwamba kinaweza. Kazi yake ni kushuhudia pamoja naye kwamba kwao kulikuwapo. Ukimdanganya kwamba bado kupo, umemwacha peke yake: yeye yuko mwaka 2010, wewe uko 2019, na mezani kuna mkate mmoja.

Tuliporudi nyumbani Mzee hakusema kitu mpaka saa tisa. Akagonga meza mara mbili. Nikaleta kahawa na kipande cha mwisho cha limpa. Safari hii alikitafuna macho yakiwa wazi, taratibu, kama mwalimu anayesahihisha.

"Maganda ya chungwa ni machache," akasema. "Na molasi umezidisha. Mama alikuwa anachemsha maganda kwanza, anamwaga maji ya uchungu, kisha anayakata membamba. Ungeniambia ni wako, ningekueleza tangu Desemba."

Hilo lilinichoma kuliko lawama yoyote. Wiki zote zile nilizokuwa nikimlinda, alikuwa na mapishi ya mama yake kichwani, na hapakuwa na sababu ya kuyatoa. Mtu hafundishi mkate ambao anadhani uko dukani.

Alhamisi iliyofuata tulioka. Yeye alikaa kwenye kiti na kuamrisha, mimi nikakanda. Alipoona nimetia iliki kidogo kwenye unga, jambo ambalo halimo kwenye limpa yao, alinitazama.

"Hiyo ni ya wapi?"

"Ya kwetu," nikasema. "Bibi yangu alikuwa akilima iliki."

"Hajambo?"

"Amefariki, Mzee. Mwaka jana."

Akanitaka nimsimulie. Nikamsimulia, mikono ikiwa na unga, jinsi Bibi alivyoanika iliki kwenye mikeka, na jinsi alivyotufukuza tukikaribia na miguu michafu. Alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza.

Usiku nikampigia Mama. Kwetu kulikuwa kumeanza kupambazuka. Nikamwambia kwamba sitaki tugombane tena, ila nataka anieleze siku ile ilivyokuwa, tangu asubuhi, bila kuruka kitu. Mama akalia kidogo, kisha akaanza. Aliniambia nani alifika kwanza, nani alikosha vyombo, mvua ilinyesha saa ngapi. Nikamuuliza Bibi alikula nini mara ya mwisho.

"Muhogo wa kuchemsha kipande kimoja," Mama akasema. "Na chai. Alisema iliki haijakolea, tuongeze."